Mahindi Yenye Sumu, na Kazi ya Kuhesabu Wagonjwa

Mtu mmoja akiharisha, watu husema amekula kitu kibaya, na maneno huishia hapo. Watu kumi wa nyumba tatu wakiugua usiku mmoja, maneno hugeuka: husemwa kwamba wamelogwa, au kwamba jirani mwenye kijicho amewatilia sumu katika chungu. Mara nyingi ni kweli kwamba sumu imo chunguni, walakini jirani hakuitia. Imeingia kwa njia nyingine, na pengine ingalimo katika nyumba nyingine ambazo watu wake bado wazima. Huku watu wakimtafuta mchawi, chakula kile kinaendelea kupikwa.

Leo twataka kueleza elimu ya kuyafuatia maradhi yatokanayo na chakula. Si elimu ya waganga peke yao. Mwanzo wake ni kuhesabu wagonjwa, kuuliza wazima, na kupeleka habari upesi. Na kazi hizo tatu aweza kuzifanya kila mtu ajuaye kusoma na kuandika. Machifu, wenyeviti wa vijiji na waalimu ndio hasa twasema nao, kwa kuwa wao wana kalamu na daftari, na habari za kila nyumba huwafikia kabla hazijafika hospitali.

Jambo lenyewe si dogo. Katika mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikisia kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa sababu ya chakula, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi duniani, na 420,000 kati yao hufa. Karibu theluthi ya hao wafao ni watoto ambao hawajatimiza miaka mitano.

Yako maradhi ya chakula ambayo hujitangaza yenyewe. Mwezi wa Machi, 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa, na watu 78 wakapelekwa hospitali. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu ambayo moto hauiondoi, wala dawa ya kuizima hakuna. Lakini kuitambua sababu hakukuwa kugumu: wagonjwa wote walikuwa wamekula kitu kimoja, kisicholiwa kila siku, na kila mtu alikikumbuka. Shida iko katika chakula kinacholiwa na watu wote siku zote. Nani atayashuku mahindi katika nchi ya ugali? Ukimwuliza mgonjwa amekula nini, atasema ugali. Ukimwuliza mzima, naye atasema ugali. Hapo ndipo akili ya kuhesabu inapohitajiwa.

Kwanza tutazame saa. Muda upitao kati ya kula na kuugua ni dalili kubwa, na mwalimu yeyote mwenye saa aweza kuuandika. Ikiwa watu wametapika baada ya saa moja au mbili, wala hazikupita sita, hushukiwa kwamba vijidudu vilikwisha toa sumu yao katika chakula kabla hakijaliwa, kama vile wali au nyama iliyopikwa asubuhi ikaachwa mezani hata jioni. Kukipasha moto chakula cha namna hiyo hakufai kitu. Vijidudu huenda vikafa, lakini sumu yake hubaki. Ikiwa ugonjwa umeanza baada ya nusu siku, au siku moja au mbili, pamoja na homa na kuharisha, hushukiwa vijidudu vilivyo hai vilivyoingia mwilini na kuzaana humo, ambavyo hupatikana katika nyama isiyoiva vema, mayai mabichi, au maziwa yasiyochemshwa. Kipindupindu chaweza kuanza baada ya saa chache au hata baada ya siku tano. Homa ya matumbo huchukua juma moja hata matatu, ndiyo maana mgonjwa wake hawezi kukumbuka alikula nini. Na sumu ambayo tutaieleza hapa mbele huingia kidogo kidogo kila siku katika mlo, mpaka siku moja ini hushindwa.

Sasa na tufanye hesabu. Waalimu waweza kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu hesabu hii, kwa sababu ni ya asilimia tu, walakini inafundisha zaidi ya asilimia.

Tuseme pamefanywa harusi, na watu 100 wamekula. Palikuwa na pilau, na maziwa ya mgando. Usiku ule watu 40 wakaugua. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kwa wagonjwa akawauliza wamekula nini. Wagonjwa 38 wakasema wamekula pilau, na 36 wakasema wamekunywa maziwa. Mwenyekiti akarudi akitangaza kwamba pilau ndiyo mbaya, akamfungia kazi mpishi wa watu.

Je, amehukumu kwa haki? Hakuhukumu kwa haki, kwa sababu hakuwauliza wazima. Tuseme mwalimu wa shule akachukua daftari akawaendea wale 60 wasiougua. Wazima 57 wakasema nao wamekula pilau. Lakini waliokunywa maziwa walikuwa 9 tu. Basi tukusanye. Waliokula pilau wote ni 95, na kati yao waliougua ni 38, yaani 40 katika kila mia. Wasiokula pilau ni 5, na waliougua kati yao ni 2, yaani 40 katika kila mia vile vile. Kumbe kula pilau na kutokula ni mamoja! Lakini waliokunywa maziwa ni 45, na kati yao wameugua 36, yaani 80 katika kila mia. Na wasiokunywa ni 55, nao wameugua 4 tu, wasiotimia 8 katika mia. Mpishi wa pilau hana kosa. Maziwa ndiyo ya kutazamwa, nayo yapelekwe yakapimwe.

Labda mwanafunzi mwenye akili atauliza, Wale wanne wasiokunywa maziwa waliuguaje? Ni swali zuri. Huenda mmoja alionja akasahau. Mwingine alikunywa lakini anaona haya kusema. Mwingine ana homa yake tu isiyohusu karamu. Hesabu za watu hazinyooki kama hesabu za mawe. Mtu asitupe daftari lake kwa sababu ya wanne hao.

Hiyo ndiyo njia iliyotumika Kenya katika mwaka 2004, katika jambo zito sana kuliko karamu yetu ya mfano. Twataka kulieleza kwa urefu.

Miezi ya kwanza ya mwaka ule, katika nchi kavu za mashariki ya Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu walianza kuugua ugonjwa wa namna moja. Tumbo liliuma, mtu akatapika, nguvu zikamwishia, macho yakawa ya manjano na mkojo ukawa mweusi. Wengine tumbo likajaa maji. Wengi walikufa upesi. Mwezi wa Aprili hospitali za huko ziliona kwamba wagonjwa wa macho ya manjano wamezidi kipimo cha kawaida, na Wizara ya Afya ikapeleka watu wake, pamoja na mabingwa wa nchi za nje, kutafuta sababu.

Maradhi yaletayo umanjano wa macho ni mengi. Iko homa ya manjano iletwayo na mbu, ziko homa za ini za namna mbalimbali, ziko pombe na dawa za mitishamba. Basi kwanza walikubaliana ni mgonjwa gani atakayeandikwa katika daftari, ili mtu wa Kitui na mtu wa Makueni wasihesabu vitu viwili mbali mbali. Hili wengi hulidharau, nalo ni msingi wa kazi yote. Ikiwa kijiji kimoja kitaandika kila mwenye kuumwa tumbo, na kijiji cha pili kitaandika mwenye macho ya manjano tu, hesabu za vijiji hivyo haziwezi kujumlishwa, kama vile hatujumlishi pishi na kilo.

Kisha wakachukua wagonjwa 40, na kwa kila mgonjwa wakatafuta wazima wawili wa kijiji kile kile, jumla watu 80. Kwa nini wa kijiji kile kile? Kwa sababu hewa yao ni moja, kisima chao ni kimoja, mbu wao ni wale wale. Kama wangechukua wazima wa Nairobi, wangeona tofauti mia, wasijue ipi ndiyo yenye maana. Wote wakaulizwa: mahindi yenu mmeyapata wapi, mmeyavuna lini, mmeyaanika namna gani, mnayaweka wapi? Na mahindi ya kila nyumba yakachukuliwa kupimwa, na damu ya watu pia.

Majibu yalikuwa wazi. Wagonjwa na wazima wote walikula mahindi, lakini mahindi ya wagonjwa yalikuwa na sumu mara nane kuliko ya wazima kwa wastani. Nyumba za wagonjwa zilikuwa zimeweka mahindi yao yangali na unyevu. Na damu ya wagonjwa ilionyesha sumu ile ile kwa wingi kuliko damu ya jirani zao.

Sumu hiyo wataalamu huiita aflatoksini. Katika Tanzania imezoeleka kuitwa sumukuvu, nalo ni jina zuri kwa kuwa laeleza asili yake. Hutolewa na kuvu, yaani ule ukungu wenye rangi ya kijani na manjano uotao katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zikipata joto na unyevu. Ilijulikana kwanza kwa ndege wala si kwa watu. Katika mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila sababu iliyojulikana, mpaka ilipoonekana kwamba wote walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Baadaye, katika mwaka 1974, huko India ya magharibi, watu 397 waliugua kwa kula mahindi yenye kuvu, na 106 wakafa. Na mbwa waliolishwa chakula kile kile waliugua pamoja nao. Kenya nayo ilikuwa imekwisha onywa: katika mwaka 1981 huko Machakos, wilaya iliyo jirani na Makueni na Kitui, watu 20 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, 12 wakafa.

Kipimo cha sumu hii ni kidogo ajabu. Sheria ya Kenya wakati ule iliruhusu sehemu 20 tu katika sehemu bilioni moja. Tukitaka kuielewa, tuseme hivi: gramu moja ya sumu hii, iliyo kama kijibonge kidogo cha sukari, ikitawanywa sawasawa katika magunia 550 ya kilo 90, yatosha kuyafikisha magunia yote katika mpaka wa sheria. Katika mahindi ya Makueni na Kitui yalionekana mengine yenye sehemu 4,400, yaani mara 220 ya mpaka huo.

Hata mahindi ya wale wazima 80, kwa wastani, yalikuwa na sehemu 44, yaani yamepita mpaka mara mbili. Kwa hiyo neno “mzima” tulitumie kwa hadhari. Anayekula sumu hii kidogo kidogo kwa miaka mingi haonekani mgonjwa, lakini ini lake linadhurika, na hatari ya kupata saratani ya ini yazidi, hasa kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini ya namna ya B.

Watu wa afya wakatoka mashambani wakaingia masokoni. Katika masoko 65 walinunua mahindi na unga kwa wachuuzi 243, wakapata vipande 350 vya kupima. Zaidi ya nusu vilipita mpaka wa sheria, na 7 katika kila mia vilikuwa na sumu zaidi ya sehemu 1,000. Basi mtu aliyeyatupa mahindi yake mabaya akaenda sokoni kununua mengine, huenda alinunua yale yale ya jirani yake. Hata tarehe 20 Julai, 2004, walioandikwa wagonjwa walikuwa 317, na waliokufa 125: karibu watu wanne katika kila kumi waliougua.

Yafaa tuulize kwa nini watu waliweka mahindi mabichi ndani. Wasomaji wengine watasema ni uvivu au ujinga. Sisi hatusemi hivyo. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mvua zilinyesha wakati wa kuvuna, si wakati wake. Mwenye shamba aliyeacha mahindi yakaukie shambani alijua kwamba wezi watayavuna kabla yake, na aliyeyaweka ghalani nje alihofia vivyo hivyo. Basi akayavuna mapema, akayaingiza katika nyumba anamolala, ambamo mna joto na hapapiti upepo, akayalalia kama mlinzi. Mtu huyo alikuwa anawahifadhi watoto wake wasife njaa. Kuvu hupenda mahali kama hapo kuliko mahali pengine popote.

Na hapa ndipo penye fundo la kazi nzima ya kupeleka habari. Mwenye mahindi hayo, akisikia kwamba mtu wa nyumba yake akienda hospitali na macho ya manjano, watu wa Serikali watakuja kuyachukua magunia yake, atafanya nini? Kama hana chakula kingine, atanyamaza. Atamtibu mgonjwa wake nyumbani, atasema ni malaria, na akifa atazikwa bila kuandikwa. Huenda wengine wakamlaumu. Lakini asiyepata kutazama gunia la mwisho nyumbani kwake mwezi wa njaa asiwe mwepesi wa kulaumu. Habari za ugonjwa zitafika upesi palipo na hakika kwamba mahindi mabaya yatabadilishwa kwa mema, na zitachelewa palipo na hofu. Katika mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilipeleka chakula kingine katika wilaya zilizopatikana, pamoja na kuwaonya watu wasile mahindi yaliyoota kuvu, na jambo hilo lilikuwa sehemu ya tiba kama vile dawa. Chifu anayeandika barua ya kuomba mganga, na aombe na chakula katika barua ile ile.

Ugonjwa haukwisha mwaka ule. Katika mwaka 2005 na 2006 ulirudi katika nchi zile zile, maana hali ya hewa, njaa na namna ya kuweka nafaka hazikubadilika kwa mwaka mmoja. Na katika mwaka 2016 ulitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwezi wa Juni watu walianza kusikia habari za ugonjwa usiojulikana, watu wa nyumba moja wakiugua pamoja, macho ya manjano na tumbo kuvimba. Waliotambuliwa walikuwa 68, na 20 wakafa. Huko nako walilinganishwa wagonjwa na wazima, na mahindi ya nyumba za wagonjwa yakaonekana yana sumu nyingi mno kupita ya wengine.

Tena tutazame njia ambayo habari hupita. Katika mwaka 1998 nchi za Afrika zilizo katika Shirika la Afya la Ulimwengu zilikubaliana kuwa na njia moja ya kulinda na kutoa habari za maradhi. Zahanati huandika wagonjwa wake na kupeleka hesabu wilayani, wilaya hujumlisha na kuzipeleka juu hata Wizarani, na Wizara huweza kuona kwamba jambo linalotokea hapa latokea na pale. Mpango huo ni mzuri, lakini mlango wake mkubwa wa kuingilia ni mgonjwa aliyefika zahanati. Asiyefika huenda asihesabiwe. Ndiyo maana habari ya kijijini haina badala. Mganga wa zahanati aweza kuona mtu mmoja mwenye macho ya manjano kutoka kijiji fulani asishtuke. Mwalimu wa kijiji kile anajua kwamba ndugu wawili wa mtu huyo wamezikwa juma lililopita, na kwamba watoto watatu wa nyumba ya pili hawakuja shuleni.

Daftari la mahudhurio la shule ni chombo bora cha kazi hii, ingawa halikutengenezwa kwa ajili yake. Watoto wakikosekana wengi siku moja, wa nyumba zilizo karibu karibu, mwalimu asingoje. Wanyama nao ni wa kutazamwa: kuku, bata na mbwa wa nyumba zile zile wakifa wakati mmoja na watu kuugua, liandikwe hilo katika barua, kwa kuwa wao hula makombo na pumba za chakula kile kile.

Je, ni wagonjwa wangapi watoshao kupeleka habari? Hakuna haja ya kungoja kumi. Watu wawili au zaidi wasio wa kawaida kuugua hivyo, waliokula pamoja au wa nyumba moja, wenye dalili moja, watosha. Na mtu mmoja tu mwenye macho ya manjano aliyekufa kwa siku chache, katika miezi ambayo mahindi yamevunwa na unyevu, atosha. Ikiwa baadaye itaonekana kwamba si kitu, mganga atakuwa amepoteza safari moja.

Barua iwe fupi. Mfano wake ni huu:

“Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Katika kijiji chetu wameugua watu 7 wa nyumba 3 tangu siku ya Jumatatu. Dalili: kutapika, tumbo kuuma, macho ya manjano. Wawili wamekufa, mwanamume wa miaka kama 30 na mtoto wa miaka 4. Nyumba zote tatu hula mahindi yaliyovunwa wakati wa mvua na kuwekwa ndani. Katika nyumba moja mbwa amekufa. Nyumba mbili jirani zinazokula mahindi ya kununua, watu wake 11, ni wazima. Mahindi hayajatupwa; tumewaambia wasiyale. Hawana chakula kingine ila cha siku mbili. Orodha ya majina, umri, na siku ya kuanza kuugua imo ndani ya bahasha hii.”

Msomaji aangalie mambo mawili katika barua hiyo. Wazima wametajwa, na idadi yao. Wala hapana neno lo lote la kusema ugonjwa ni huu au huu. Kazi hiyo ni ya mganga na maabara. Siku hizi simu hufika haraka kuliko barua, basi na ipigwe simu kwanza. Lakini orodha iandikwe vile vile, kwa sababu maneno ya simu husahauliwa.

Mahindi yanayoshukiwa yasitupwe yote kabla hayajapimwa, wala yasipewe kuku na ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu, sehemu yake hutokea katika maziwa. Wengine hudhani kwamba kuyapika sana au kuyatengenezea pombe kutaiondoa sumu. Si kweli, moto wa jikoni hauiwezi. Kuchagua na kuondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuliwa na wadudu, na kukoboa, hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na kila nyumba na ifanye hivyo. Lakini hupunguza tu. Na punje inayoonekana safi yaweza kuwa na sumu ndani, kwa hiyo macho peke yake si kipimo.

Kinga yenyewe ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, jamvi au kichanja, yasigusane na udongo, kwa kuwa kuvu hukaa udongoni. Yakauke hata unyevu wake usizidi sehemu 13 na nusu katika mia, kisha yawekwe ghalani penye kupita upepo, magunia yakiwa juu ya mbao na mbali na ukuta. Kupima ukavu bila mashine kuna njia ya chumvi. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, tia humo konzi ya mahindi pamoja na chumvi kavu kidogo, ifunge, itikise sana, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandama katika kioo, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Kioo kikibaki safi, mahindi yamekaribia kufaa. Kipimo hiki chaonyesha unyevu tu. Hakionyeshi sumu ambayo imekwisha ingia.

La mwisho ni namna ya kuchukua mahindi ya kupeleka kupimwa, maana hapo wengi huharibu kazi yote. Kuvu haioti sawasawa: katika gunia moja konzi ya juu yaweza kuwa safi na konzi ya kati ikawa na sumu ya kuua. Mtu akichota juu tu, maabara itajibu kwamba mahindi ni mazuri, na watu watayala. Basi achote kidogo juu, kidogo kati, kidogo chini, na pembeni pia, katika kila gunia la nyumba ile. Ayachanganye yote juu ya kitambaa safi, kisha atoe humo kilo moja au mbili. Ayatie katika mfuko wa karatasi au wa nguo, si wa nailoni, kwa kuwa ndani ya nailoni mahindi hutoa jasho na kuvu huendelea kuota njiani. Juu ya mfuko aandike jina la mwenye nyumba, kijiji, tarehe ya kuchota, na kama nyumba hiyo ina mgonjwa au haina. Kisha achukue mfuko wa pili, katika nyumba ya jirani ambayo watu wake wote ni wazima, auandike vivyo hivyo, na mifuko yote miwili isafiri pamoja.